Rangi, Uzito na Salio: Mtindo Shupavu wa Ankara katika Biashara za Kiserian

Ankara, yaani hati ambayo muuzaji humpa mnunuzi ili kumwonyesha alichopokea, bei yake na kiasi anachodaiwa, ina bahati mbaya ambayo karatasi nyingine za biashara hazina, kwa kuwa msomaji wake ana sababu nzuri ya kuchelewa kuisoma. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi, hasa wanaoanza, huvutiwa na kile kinachoweza kuitwa mtindo shupavu wa usanifu: herufi nene, rangi zilizokolea, tarakimu kubwa kuliko kawaida, na mpangilio usioogopa kuacha sehemu kubwa ya ukurasa ikiwa tupu. Sura hii inachunguza uchaguzi wa mtindo huo katika mazingira ya Kiserian na miji jirani ya kaunti ya Kajiado, na inashikilia kwamba ushupavu una faida unapoelekezwa kwenye kiasi kinachodaiwa na njia ya kukilipa, na unapoweza kuvuka bila kuharibika vituo vitatu ambavyo ankara ya leo hupitia, navyo ni skrini ya simu, mashine ya fotokopi na karatasi nyembamba ya printa ya mkononi.

Kiserian uko kando ya Barabara ya Magadi, chini ya Milima ya Ngong, kama kilomita 25 kutoka katikati ya Nairobi, baada ya Ongata Rongai na kabla barabara haijapanda Corner Baridi na kuteremkia Bonde la Ufa. Biashara zake zimeegemea mambo mawili makuu: mifugo inayoletwa sokoni na vichinjioni kutoka nyanda za Wamaasai, na nyumba zinazoendelea kujengwa na watu ambao kazi zao ziko Nairobi au ng'ambo. Ujenzi huo ndio uliozaa maduka ya vifaa, karakana za kuchomelea mageti, yadi za mbao na maboza ya maji yanayoonekana kandokando ya barabara, na vilevile upande wa barabara ya Isinya, inayounganisha mji huu na Barabara ya Namanga na hivyo na Kitengela na Kajiado mjini. Jambo la kuzingatia, ambalo vitabu vya usanifu vilivyoandikwa kwingine havilitaji, ni kwamba hapa anayepokea mzigo mara nyingi siye anayelipa. Mawe hupokewa na msimamizi wa ujenzi, maji hupokewa na mlinzi wa lango, nyama hupokewa na mpishi, na ankara hupigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp kwa mwenye fedha, ambaye huitazama akiwa ndani ya matatu, ofisini, au katika nchi ambako wakati huo ni usiku wa manane.

Kabla ya kuzungumzia rangi ni lazima ieleweke ni hati gani hasa inayoweza kupambwa. Mfanyabiashara hutoa kwanza nukuu ya bei, au ankara ya awali, ambayo ni makadirio yanayotolewa kabla ya mauzo. Kisha hati ya kufikisha mzigo, ambayo mpokeaji huitia sahihi. Kisha ankara yenyewe. Na kwa wateja wa mkopo, taarifa ya hesabu ya kila mwezi. Kati ya hizo, ankara ndiyo iliyobanwa na sheria. Tangu Januari 1, 2024, kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, gharama ya biashara isiyothibitishwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya wa kutoa na kusimamia ankara, haikubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa kodi, isipokuwa kwa malipo machache yaliyoachwa nje na sheria yenyewe. Anayetumia njia nyepesi za mfumo huo, kwa mfano kupitia eCitizen au kwa kubonyeza *222# kwenye simu, hupokea hati ambayo mpangilio wake umekwisha kuamuliwa, na nafasi yake ya kuibadilisha sura ni ndogo. Aliyeunganisha programu yake ya mauzo na mfumo wa Mamlaka ana uhuru zaidi, mradi hati yake ibebe PIN ya muuzaji, namba ya ankara, tarehe na saa, maelezo ya bidhaa, kiasi cha ushuru na ule mraba wa madoa unaoitwa msimbo wa QR. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo wa Kiserian anayetaka mtindo wake uonekane atautumia hasa kwenye nukuu, hati ya kufikisha mzigo na taarifa ya hesabu, na huko hakuna hasara yoyote, kwa kuwa nukuu ndiyo inayosomwa na mtu ambaye bado hajaamua anunue wapi.

Mtindo shupavu wenyewe una historia ndefu kuliko programu za kompyuta zinazouuza leo. Mwaka 1923, Ujerumani ilipokuwa inazama katika mfumuko wa bei, Herbert Bayer, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shule ya usanifu ya Bauhaus, alibuni noti za dharura za Benki ya Jimbo la Thuringia, akaachana na nakshi na picha za wafalme na kuweka tarakimu kubwa na maneno manene, kwa sababu thamani ya noti ilikuwa inabadilika haraka kuliko msanii yeyote angeweza kuchora nakshi. Mwaka 1928 Jan Tschichold alichapisha kitabu chake kuhusu uchapaji mpya, ambamo barua na fomu za biashara zilipewa uzito sawa na vitabu, na karatasi za vipimo sanifu, zikiwemo A4 na A5 zinazotumiwa leo kila mahali Kenya, zilitetewa kama msingi wa mpangilio. Baada ya vita, wasanifu wa Uswisi waliendeleza matumizi ya gridi, yaani mistari isiyoonekana inayogawa ukurasa katika safu na kuamua kila kitu kikae wapi, na mwaka 1957 ikatolewa huko herufi ambayo baadaye iliitwa Helvetica, ambayo ndugu zake na waigaji wake wamo katika karibu kila kompyuta ya saiba. Kinachosahaulika na wengi wanaonakili sura ya kazi hizo ni kwamba unene wa herufi ulikuwa na kazi maalumu, nayo ilikuwa kumwambia msomaji aanze wapi.

Somo hilohilo linapatikana kwenye Barabara ya Magadi bila kwenda Ulaya. Matatu zinazohudumia Rongai na Kiserian zinajulikana kwa michoro, rangi na taa zake, lakini juu ya sanaa hiyo yote uko mstari wa njano uliowekwa na kanuni alizozisimamia waziri John Michuki, ambazo zilianza kutekelezwa mwaka 2004 na ambazo kwa miaka kadhaa ziliikandamiza michoro yenyewe, hadi serikali ilipoiruhusu tena mwaka 2014. Matatu inaweza kuwa na sura ya mwanamuziki ubavuni na maneno ya kejeli kwenye kioo cha nyuma, lakini abiria aliyesimama kituoni anajua pa kutazama ili ajue gari linakwenda wapi. Ankara shupavu inahitaji mstari wake wa njano: sehemu moja ambayo pambo lolote haliigusi, ambayo hukaa palepale katika kila hati, na ambayo hubeba kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa na namba ya kulipia.

Kuhusu rangi, watu wa Kajiado wana walimu wa karibu. Katika shanga za Kimaasai, nyekundu, buluu, kijani, rangi ya chungwa na nyeusi hukaa pamoja bila kugombana, na jicho likichunguza kwa makini huona kwamba mara nyingi safu ya shanga nyeupe imewekwa katikati ili kuzitenganisha rangi nzito. Katika vioo vya rangi vya Kitengela Glass, karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kazi hiyohiyo ya kutenganisha hufanywa na mistari myeusi kati ya kipande na kipande. Msanifu wa ankara anayetaka kutumia nyekundu na buluu katika ukurasa mmoja afanye vivyo hivyo, aziachie nafasi nyeupe au mstari mweusi kati yake, kwa sababu rangi mbili nzito zikigusana moja kwa moja, maandishi yaliyo karibu nazo huonekana kama yanatikisika. Ni vyema kuongeza kwamba kunakili mchoro wa shanga na kuubandika juu ya ankara ya saruji ni pambo la kitalii tu, ambalo Mmaasai mwenyewe anayenunua saruji hatalipa haraka zaidi kwa kuliona.

Sasa vituo vitatu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, na skrini ya simu ya kawaida ina upana wa kama milimita 70, maana yake ni kwamba ankara inapofunguliwa kwenye simu hupungua hadi theluthi moja. Herufi ya pointi 10, ambapo pointi ni kipimo cha uchapaji kinacholingana na sehemu moja ya 72 ya inchi, hubaki na ukubwa wa pointi tatu na kidogo, ambazo hazisomeki bila kuikuza picha kwa vidole viwili. Tarakimu ya pointi 30, ambayo kwenye meza ya mchapaji huonekana kama majigambo, hushuka hadi pointi 10, yaani ukubwa wa maandishi ya kitabu cha kawaida. Hesabu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kutetea mtindo shupavu mahali ambapo mwenye fedha huona ankara kwa simu kabla ya kuiona kwa karatasi, na kama haioni kwa karatasi kabisa hoja inazidi kupata nguvu. Hesabu hiyo pia inaonyesha mpaka wake, kwa kuwa haiwezekani kila kitu kiwe cha pointi 30, na jina la biashara, ambalo wenye biashara hupenda liwe kubwa kuliko yote, ndilo la kwanza kupunguzwa. Mwenye deni anamjua aliyemkopesha.

Kituo cha pili ni fotokopi. Ankara inayopelekwa shuleni, hospitalini au katika ofisi za kaunti huko Kajiado mjini huambatanishwa na hati ya agizo na hati ya kufikisha mzigo, na nakala zake hutengenezwa kwa mashine ya rangi nyeusi pekee. Njano na samawati hafifu hufifia au hupotea kabisa katika mashine hizo. Wachapaji wa zamani walijua jambo hili vizuri kiasi kwamba walitumia penseli ya samawati hafifu kuandika maelekezo ambayo hawakutaka kamera ya uchapaji iyaone. Nyekundu iliyokolea, buluu ya wino na kijani cha giza hubaki. Hatari kubwa zaidi ni ule mtindo unaopendwa sana wa kuweka maandishi meupe ndani ya kisanduku cheusi, kwa kuwa nakala ya nakala hujaza wino katika matundu ya herufi, na tarakimu 8, 6 na 0 zikawa doa moja. Gharama nayo isisahaulike: kisanduku kizito cha rangi hula wino wa printa, na kwenye karatasi nyepesi ya bei nafuu printa ya wino huilowesha karatasi hadi ikajikunja. Ushupavu unaotokana na unene wa herufi na nafasi tupu hugharimu wino kidogo, na katika kaunti ambayo biashara nyingi huchapisha kurasa mojamoja saibani jambo hilo lina maana mwisho wa mwezi.

Kituo cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote. Printa ndogo za mkononi, ambazo dereva wa boza au muuza nyama hubeba pamoja na simu, hutumia karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto, yenye upana wa milimita 58, na kwa herufi zake za kawaida mstari mmoja hubeba herufi 32 tu. Hapa hakuna rangi, hakuna kivuli na hakuna nembo yenye mistari myembamba. Kinachobaki ni maneno na ukubwa, na printa hizo zinaweza kuongeza upana wa herufi mara mbili, jambo linalopunguza mstari hadi herufi 16. Maneno "JUMLA INAYOPASWA KULIPWA" yana herufi 24 pamoja na nafasi zake na hayawezi kuingia, ilhali "SALIO KSH 48,600" ni 16 kamili. Kiswahili hujenga maneno marefu, na msanifu anayechukua kielelezo kilichotengenezwa kwa lugha nyingine na kutafsiri vichwa vyake atakuta maneno yanavunjika au yanabanwa. Suluhisho ni kuchagua tangu mwanzo herufi nene zilizobanwa upana, na kupendelea vichwa vya neno moja: Bidhaa, Idadi, Bei, Jumla, Salio.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana katika hati moja. Mchomeleaji wa vyuma aliyesajiliwa kwa ajili ya ushuru wa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ametengeneza geti moja kwa shilingi 60,000 na grili tano za madirisha kwa shilingi 5,000 kila moja. Jumla ndogo ni shilingi 85,000, ushuru wa asilimia 16 ni shilingi 13,600, na jumla kuu ni shilingi 98,600. Kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, mteja alitanguliza shilingi 50,000 ili vyuma vinunuliwe. Vielelezo vingi vya ankara vinavyopatikana bure hukoza jumla kuu, yaani 98,600, na kuacha salio chini kwa herufi za kawaida. Mwenye nyumba anayefungua picha hiyo kwa simu hushtuka, hupiga simu kuuliza kama malipo yake ya kwanza yamesahauliwa, na siku mbili hupotea katika maelezo. Tarakimu inayostahili unene wote wa ukurasa ni ile ambayo mlipaji ataibonyeza kwenye simu yake, nayo ni 48,600. Jumla kuu ibaki inasomeka, ushuru ubaki unasomeka, malipo ya kwanza yatajwe pamoja na tarehe na msimbo wake wa M-Pesa, lakini vyote viwe na uzito wa kawaida.

Chini ya salio hilo, bila kitu kingine kati yake, ije namba ya Till au ya Paybill, nayo iwe ya pili kwa ukubwa. Till ni namba ya duka inayolipwa moja kwa moja, na Paybill huhitaji pia namba ya akaunti, hivyo namba zake mbili zitenganishwe kwa mistari miwili, kila moja na jina lake. Huduma ya Lipa na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2013, humwonyesha mlipaji jina lililosajiliwa kabla hajathibitisha malipo, kwa hiyo jina hilo liandikwe kando ya namba vilevile lilivyosajiliwa, hata kama bango la duka lina jina jingine. Mlipaji anayeona jina asilolitegemea hubatilisha malipo, na ni haki yake. Kikomo nacho kizingatiwe: muamala mmoja wa M-Pesa umewekewa kikomo cha shilingi 250,000, na ankara ya kiasi kinachozidi hapo ikiwa na Till pekee kwa herufi kubwa inamwelekeza mlipaji kwenye mlango usiomtosha. Ankara kama hiyo ikoze akaunti ya benki.

Uchaguzi wa herufi unahitaji jaribio dogo ambalo linaweza kufanywa kwa dakika chache. PIN ya ushuru huanza kwa herufi, ikafuatwa na tarakimu tisa na kuishia kwa herufi nyingine, na msimbo wa M-Pesa huchanganya herufi na tarakimu katika nafasi kumi. Aina nyingi za herufi nene zilizobuniwa kwa ajili ya mabango hazitofautishi O na 0, wala I na 1, kwa kuwa kwenye bango msomaji hubashiri kwa muktadha, na kwenye PIN hakuna muktadha. Ziandikwe O, 0, I, l, 1, S, 5, B na 8 mfululizo kwa aina ya herufi inayokusudiwa, zichapwe, zitolewe fotokopi, kisha apewe mtu mwingine azisome kwa sauti. Tarakimu ziwe pia za upana sawa, ili zipangike wima katika safu ya bei na kosa la sifuri moja lionekane hata kabla ya kusomwa.

Msimbo wa QR, uliobuniwa Japani na kampuni ya Denso Wave mwaka 1994, ni sehemu ya ankara inayosomwa na mashine na kwa hiyo hauna haja ya ujasiri wowote. Unahitaji ukingo mtupu wa upana wa visanduku vinne kila upande na uwe mweusi juu ya nyeupe. Kuugeuza uwe mweupe juu ya nyeusi ili ulingane na mandhari, au kuupaka rangi ya chungwa ya nembo, ni mapambo ambayo baadhi ya simu hukataa kuyasoma.

Aina ya biashara pia huamua kiwango cha ushupavu. Anayekodisha mahema na viti huhudumia harusi na matanga kwa vifaa vilevile, na ankara ya rangi kali yenye maneno ya furaha, inayofaa kwa bwana harusi, haimfai mjane. Mkodishaji huyo na awe na mpangilio mmoja wenye herufi nene na rangi moja iliyotulia. Muuza nyama anayepelekea hoteli mizigo kila siku hana haja ya ukurasa mzuri kila siku. Nguvu zake ziende kwenye taarifa ya mwisho wa mwezi.

Wapo wanaotumaini kwamba sura ya kipekee italinda ankara dhidi ya wadanganyifu, lakini nembo na rangi vinaweza kunakiliwa kwa simu katika muda wa kunywa chai, na uthibitisho wa ankara ya ushuru umo katika kumbukumbu za Mamlaka, ambazo hufikiwa kwa kuupiga picha msimbo wake. Sura husaidia kwa njia nyingine: karani wa hesabu anayepokea hati za muuzaji kila mwezi huizoea, na badiliko la ghafla humfanya asimamishe malipo akihofia utapeli, hasa likija pamoja na namba mpya ya kulipia. Kwa sababu hiyo mtindo mpya na akaunti mpya visitangazwe katika hati moja. Mteja mkubwa atumiwe kwanza barua yenye sura ya zamani inayoeleza kwamba kuanzia mwezi fulani ankara zitabadilika, ikiambatanishwa na mfano. Mfululizo wa namba za ankara uendelee pale ulipoishia kwenye kitabu cha nakala za kaboni, na kitabu hicho kihifadhiwe kwa miaka mitano inayotakiwa na Sheria ya Taratibu za Kodi, pamoja na picha za zile stakabadhi za karatasi ya joto, ambazo zikiachwa kwenye dashibodi ya boza hufifia mapema mno.